Konokono wa Maduhu

Nshoma alipoulamba ule mwamba, Luhende alihisi uji wa asubuhi unampanda kooni.

Kulamba kwenyewe si ajabu. Jiwe kavu halisemi kitu. Lilowanishe, rangi zinatoka na mistari inajitokeza. Luhende mwenyewe alilamba mawe miaka ishirini na sita huko mashimoni kabla chuo hakijamwajiri kukata sampuli. Kilichomchefua ni jinsi binti alivyolamba. Nshoma ana miaka kumi na tisa na meno yake yote yapo. Lakini aliupinda mdomo, akautoa ulimi kwenye pembe ya kushoto kama mtu asiye na meno ya mbele, akaupitisha juu ya jiwe taratibu, akameza. Kisha akaligonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akategesha sikio.

"Mshipa unashuka huku," alisema, akiinamisha kiganja kuonyesha. "Ndani unajikunja, halafu unapotea. Utauona tena nyuma, chini kabisa. Mkwe ameegemea mashariki."

Luhende alizima msumeno.

"Sema tena."

"Nini, mjomba?"

"Hilo la mwisho."

"Mkwe ameegemea mashariki." Nshoma alicheka, akavuta kamasi. "Hata sijui nimelitoa wapi. Ukuta wa juu, nilimaanisha. Kata basi, uone kama nimekosea."

Aliwasha msumeno, akakata. Maji meupe yalimwagika mezani na jiwe likafunguka vipande viwili. Mshipa ulishuka, ukajikunja, ukapotea, ukatokeza nyuma chini kabisa, kama binti alivyosema. Wanafunzi waliozunguka meza walipiga makofi, halafu wote kwa pamoja wakavuta kamasi. Vijana ishirini na wanane. Sauti yake ilikuwa kama ng'ombe wanaochomoa miguu kwenye tope.

Luhende hakupiga makofi. Duniani kulikuwa na watu wawili tu walioita ukuta wa juu wa shimo mkwe. Walianza utani huo wao wenyewe, kwa sababu ukuta ule unapita chini yake umeinama, huugusi, huuegemei, na huuinulii macho bila sababu. Mmoja wa watu hao ni yeye, na hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mwanafunzi. Wa pili aliacha meno yake ya mbele kwenye mpini wa mashine ya kuvutia ndoo, na tangu siku hiyo alilamba mawe kwa pembe ya kushoto ya mdomo.

*

Zamani chuo kilifundisha kwa udongo. Luhende alikuwa anafinyanga matabaka ya rangi tatu, anayakunja, anayapasua, anayasogeza, kisha anayafungia kwenye sanduku lenye pande wazi. Mwanafunzi anaona mistari ya nje tu. Anaulizwa: nikikata hapa katikati, utaona nini? Sheria ya karakana ilikuwa moja. Unachora kwanza, ndipo kisu kinapita. Wengi walichora tena ile mistari ya nje, kana kwamba dunia ni ngozi tu na haina nyama. Wakikatiwa wanashangaa. Wanachora tena. Mwaka wa tatu nusu yao walikuwa wameanza kuona, na nusu walikuwa wamefungasha mabegi.

Mjomba alimfundisha Nshoma kwa udongo huo huo, chuoni na nyumbani, na Nshoma alifeli mtihani wa mikato mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Luhende alimlea tangu ana miaka sita, mama yake, dada wa Luhende, alipofariki, na hakuna hata mmoja katika ukoo ule aliyewahi kumaliza chuo chochote. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano.

Halafu mashimo yakafungwa, kampuni zikaleta mashine zinazojiendesha zenyewe chini ya ardhi. Mashine ile haikosei kuchimba. Inakosea pa kuchimba. Wakahitajika watu wa kuielekeza, na wakahitajika haraka, miaka mitatu ikaonekana mingi. Ndipo wakaja na kipokezi.

Jina hilo hakuna aliyelitumia. Wanafunzi walikiita konokono, na ni haki yake. Kina urefu wa punje ya haragwe, rangi ya ufizi, hakina gamba wala macho. Kinawekwa tundu la pua na chenyewe kinapanda hadi juu kabisa, karibu na ubongo, kinakaa huko kikila kamasi. Siku arobaini kinakaa kwenye kichwa cha mtu anayeona ndani ya mwamba. Huyo anaitwa mlishaji. Baada ya hapo kinahamishiwa kwa mwanafunzi, na mwanafunzi anaanza kuona. Hana budi kuvuta kamasi kila dakika chache ili konokono asikauke. Asubuhi, madarasani, kwenye foleni ya chakula, unaisikia sauti hiyo. Wakati mwingine uzi mwembamba unaning'inia hadi mdomoni, na mwenyewe anaurudisha kwa ulimi bila kuacha kuongea.

Luhende alikuwa ameacha kula kwenye bwalo la chuo tangu muhula uanze.

*

Dakta Kokushubila alikuwa anasuuza chupa. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mkuu wa idara, na alivaa glavu hata za kushikia kalamu.

"Karibu, mzee Luhende."

"Konokono wa Nshoma amelishwa na nani?"

"Hilo ni siri, mzee. Walishaji tumewaahidi."

"Ni Maduhu."

Dakta aliendelea kusuuza. Ndani ya chupa kulikuwa na utelezi uliogoma kutoka, akauchokonoa kwa brashi. "Umejuaje?"

"Nimechimba naye miaka kumi na tisa. Nikimwona anatembea ndani ya mtoto wa dada yangu, nitashindwa kumjua?"

"Alikubali mwenyewe. Alielezwa kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, akaweka dole gumba."

"Mlimweleza kwamba atapotea uani kwake?"

Brashi ilisimama. Wiki tatu nyuma Luhende alisikia sokoni kwamba Maduhu anaumwa, kichwa hakijakaa sawa, anapotea hata uani kwake. Alisema atakwenda kumwona. Hakwenda.

"Tulimweleza kwamba kipaji chake kitarudi," alisema Dakta. "Ndivyo tulivyoamini. Wale vijana tuliowajaribu kiliwarudia ndani ya mwezi. Kwa wazee hakirudi. Tumelijua hilo Machi, na tangu Machi hatujamlisha mtu."

"Lakini walioliwa wameliwa."

"Walikuwa kumi na mmoja." Alivua glavu, akakaa. "Mwaka jana nilitaka kukuomba wewe. Najua una jicho kuliko wote. Afadhali sikukuomba. Lakini nikuulize swali, mzee, na usinijibu kwa hasira. Maduhu ana miaka sitini na nne. Mashimo yamefungwa. Alichokuwa nacho kingezikwa pamoja naye. Sasa kiko kwa binti atakayekitumia miaka arobaini, na binti huyo ni wako. Kipi kibaya zaidi?"

Luhende aliitazama ile chupa. Maneno ya Dakta aliyajua. Ndivyo mtu anavyosema juu ya ng'ombe mzee: tuchinje, angalau ngozi itumike. Mwenyewe aliwahi kuyasema, juu ya ng'ombe.

"Kinaweza kurudishwa?"

"Kabla ya siku ya sabini. Konokono akitolewa, na kutoka ni chafya moja nzito tu, akaingizwa kwa mwenyewe akiwa bado na joto, anarudisha. Pengine nusu, pengine zaidi. Una dakika kumi, baada ya hapo anakufa mkononi. Na ikipita siku ya sabini anakuwa amekwisha kazi, ni kamasi kama kamasi nyingine." Alifungua daftari. "Nshoma leo yuko siku ya sitini na moja. Sabini ni Jumatano ijayo."

"Na mtihani?"

"Ijumaa ijayo." Alilifunga daftari. "Sina mamlaka ya kumtoa mwanafunzi konokono bila ridhaa yake. Wewe ni mjomba. Ukitaka, mwambie. Akitoa atafeli, na nitasikitika kwa dhati. Usipotaka, mimi sina la kusema kwa mtu yeyote."

Alilisukuma jambo lile mezani kama mtu anayesogeza kitambaa kichafu kwa ncha ya kidole.

*

Jumanne mchana Luhende alikwenda kwa Maduhu. Kitu cha kwanza alichoona ni kamba. Ilifungwa kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, ikakatiza ua, ikaishia kwenye nguzo ya choo. Ni hatua kumi na mbili.

Maduhu alikuwa kwenye kigoda, ameelekea ukutani. Mkono wa kulia ulipita kwenye shingo ya shati, na ule wa kushoto ulikuwa ndani bado, unatafuta.

"Mwadila, Ngosha!" aliusalimia ukuta kwa Kisukuma, kwa furaha.

"Mwadila. Niko huku."

"Huku wapi? Aa, huku." Aligeuka akapitiliza. "Umenenepa wewe. Nakusikia unavyohema. Chuo kinakulisha vizuri, na hata mimi nimekilisha!" Alicheka kwa lile pengo lake mpaka akakohoa.

Mkewe, Mama Kabula, alitoka chooni na ndoo na fagio la chelewa. Hakusalimia kwanza. "Amekosa tundu tena," alisema. "Anakosa kila siku, Luhende. Namwelekeza, namsimamisha, namwambia ni hapo hapo miguuni, anachuchumaa pembeni. Halafu anakanyaga."

Harufu ilimfuata nje. Luhende alitazama miguu ya Maduhu, akatazama pembeni. Mtu huyu aliwahi kusimama juu ya ardhi, akachora msalaba kwa kisigino, akasema chimbeni hapa, na mita arobaini chini wakaukuta mshipa mwembamba kama kidole pale alipokuwa ameweka msalaba. Sasa hana uwezo wa kulenga tundu la choo.

"Iliuma?" Luhende aliuliza.

"Hata! Kiliteleza tu. Kinawasha kidogo, kama umemeza maji kwa pua. Siku ya kwanza baada ya kukitoa nilisimama mlangoni hapa, nikaangalia ua wangu, nikaona picha ya ukutani. Bapa. Nyumba iko pale, mpapai uko pale, lakini kipi kiko mbele na kipi nyuma, sijui. Nikasema kesho kitarudi." Alitabasamu upande usio na mtu. "Wameniambia kiko kwa mwanafunzi. Unamjua?"

"Wako wengi."

"Natumaini si mvivu. Mwambie asiuguse mkwe."

Mama Kabula alikuwa amesimama na ndoo yake, anasubiri mgeni aseme kilichomleta. Luhende alikuwa amekuja na maneno tayari. Kuna njia, mama. Kuna siku nane. Aliyapanga njiani neno kwa neno. Alifungua mdomo, akaingiza mkono mfukoni.

"Nimewaletea sukari," alisema.

Jumatano alikwenda tena, na sabuni. Alhamisi alipeleka mchele. Kila siku aliapa getini kwamba leo atasema, na kila siku alikunywa chai ya Mama Kabula akaondoka. Usiku hakulala vibaya, na hilo pia alilichukia. Alilala vizuri kwa sababu Nshoma alikuwa anapata kila zoezi.

*

Ijumaa Nshoma alimfuata karakana akiwa na karatasi tano.

"Mjomba, hebu nisaidie. Hii nyumba ni ya nani?"

Alizitandaza juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa nyumba imechorwa kwa juu, kwa mbele, kwa ubavu, kisha imekatwa katikati kama mwamba unavyokatwa, kila ukuta na unene wake. Choo kilikuwa na kina chake, mita tatu na nusu, na tabaka la mfinyanzi pembeni. Uzio wa minyaa ulikuwa na pengo nyuma, dogo, la kupita ukiwa umeinama.

"Kila nikishika kalamu inatoka hiyo," alisema Nshoma. "Mwalimu anasema chora mkunjo, mimi nachora jiko. Kuna mpapai hapa, umelala upande huu. Naujua ulivyolala mpaka mizizi. Si umewahi kuishi huko migodini? Ni ya nani?"

"Sijui."

"Hujaiangalia."

"Mipapai imejaa nchi nzima, mwanangu. Sijui."

Nshoma alimtazama. Alivuta kamasi, na mara hiyo Luhende hakuchefukwa na sauti. Alichefukwa na jinsi lile neno sijui lilivyotoka mdomoni mwake mwenyewe jepesi, limelainika, kama kitu kilichokuwa kinaishi humo siku nyingi.

"Haya," alisema binti, akakusanya karatasi zake.

*

Jumapili Luhende alikuwa ameshika beseni, Mama Kabula anamwosha Maduhu miguu, ilipotikisika minyaa ya nyuma. Nshoma, aliyekuwa ameiachia miguu imlete yenyewe, aliingia kwa lile pengo, ameinama, bila kupapasa, kama mtu wa nyumba ile. Alisimama uani akazungusha macho. Jiko. Choo. Mpapai uliolala. Kamba ndiyo pekee iliyomshangaza. Kamba hakuwa nayo kichwani.

Kisha akamwona mjomba wake na beseni.

"Ulisema hujui," alisema.

Hata katika hasira alikumbuka adabu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," Maduhu aliuambia mpapai. "Karibu. Ni nani?"

Nshoma alimtazama mzee anayeongea na mti. Aliitazama kamba, akaifuata kwa macho hadi nguzo ya choo. Akaona pengo la meno. Mkono wake ulipanda polepole hadi puani.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye," Luhende akajibu.

"Tangu lini unajua?"

"Jumatatu."

"Na kuna kitu kingine. Nakuona. Toa."

Akakitoa, maana hakuwa na mfuko mwingine wa kuingiza mkono. Siku ya sabini. Jumatano. Chafya, dakika kumi, nusu au zaidi. Alipomaliza, Mama Kabula alisimama na maji yakimchuruzika viganjani.

"Kinarudi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Luhende. Kinarudi? Na wewe umekaa hapa siku sita unakunywa chai yangu?"

"Mama Kabula..."

"Unaniletea sabuni! Nisugue mavi ya mume wangu kwa sabuni yako!"

Maduhu alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta ugomvi uko upande gani. "Nini? Kuna nini?"

Nshoma alikaa chini, kwenye udongo mbichi. Luhende alidhani atalia, na alitamani alie, apate kumbembeleza.

"Mtihani ni Ijumaa," alisema binti. "Nikimtoa nafeli."

"Utafeli," alisema Luhende. "Sitakudanganya tena."

"Halafu ndiyo basi. Hakuna mara ya nne." Alijifuta pua kwa mkono wa blauzi, akamgeukia mzee. Alimwuliza kwa ukali, kama mtu anayetaka kushindwa hoja au kushinda, vyovyote. "Babu. Mashimo yamefungwa, huchimbi tena. Kile kitu chako ukirudishiwa, utafanyia nini?"

Maduhu alifikiri. Aliona ni swali la haki.

"Nitaenda chooni," alisema.

Kuku alivuka ua. Mama Kabula alijifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakawa yanatikisika, na Luhende hakujua kama analia au anacheka.

"Bibi," alisema Nshoma, "una ugoro?"

Ulikuwepo, ndani ya kopo la dawa ya viatu. Nshoma alichota kwa vidole vitatu, zaidi ya anavyochota mvutaji wa siku zote, akaupiga puani, akafumba macho. Mwili ulijikunja. Chafya ya kwanza ilitoa kamasi. Ya pili ikatoa kamasi na damu. Ya tatu ilimwangusha kwa magoti, na kiganjani kwake kikabaki kitu kinachojinyonganyonga, kimenenepa kuliko siku kilipoingia, rangi ya ini, kinavuta uzi mrefu ambao ncha yake ilikuwa bado puani. Aliukata kwa kucha. Alimnyooshea mzee mkono, huku macho yake yamepoteza shabaha.

"Babu, chukua. Chukua haraka."

Maduhu alikinusa kabla hakijamfikia, akajirusha nyuma hadi kigoda kikalia. "Toa uchafu huo!"

"Ni chako, babu."

"Kilikuwa changu! Kimekaa pua ya mtoto wa kike miezi miwili, sasa nikiweke kichwani mwangu? Nile kamasi la mjukuu? Luhende, Ngosha, mwambie. Afadhali nikanyage mavi yangu mwenyewe."

Luhende alisimama na beseni. Kitu kile kilianza kupunguza kujinyonganyonga. Dakika mbili zilipita, labda tatu. Maduhu aliubana mdomo na pua kwa viganja vyote viwili, na binti alibaki amenyoosha mkono kuelekea mahali ambapo mzee hayupo.

Mama Kabula ndiye aliyemaliza. Aliweka khanga vizuri kiunoni, akakichukua kile kitu kwa vidole viwili kama anavyookota jongoo ndani ya mboga, akambana mumewe kichwa kwapani. "Toa mikono. Nimefua matope yako miaka thelathini na minane, tapishi lako nimefuta, choo chako nimesugua asubuhi hii. Leo wewe ndiye wa kuona kinyaa? Toa mikono, nimesema!"

Maduhu alipiga kelele, na pua ikafunguka. Kikaingia. Mkia wake ulichezacheza kwenye tundu la pua kidogo, ukapotea. Mzee alitoa mlio kama wa mtu anayezama, akainamisha kichwa magotini, akabaki hivyo, ute ukimdondoka kati ya vidole vya miguu.

Walingoja. Hakuna kilichotokea. Nshoma aliinuka kwa kuyumba.

"Naenda," alisema. "Siwezi kukaa hapa."

Alitembea moja kwa moja hadi kwenye uzio, akajigonga. Akarudi nyuma, akajigonga tena. Alipapasa minyaa kwa viganja, utomvu mweupe ukimlowanisha, kama mtu anayepapasa picha akitafuta pa kuingilia. Pengo alilopita nusu saa iliyopita lilikuwa hatua chache tu pembeni yake.

"Kushoto, mjukuu wangu."

Maduhu alikuwa ameinua kichwa. Uso ulikuwa umelowa na macho ni mekundu, lakini yalimwangalia Nshoma, siyo pembeni yake.

"Sio hapo. Kushoto, hatua tatu. Halafu inama, kuna mti umetokeza, utakuchoma jicho."

Mama Kabula alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya maji machafu.

Luhende aliliweka beseni, akaenda nyuma ya mpapai, akatapika. Alitapika chai, akatapika maji. Mama Kabula alimsikia, akamcheka kwa machozi: "Mwanaume mzima! Kamasi tu hiyo, imekushinda?"

Hakumsahihisha. Asingeweza kumwambia mtu yeyote, si leo wala mwakani, kwamba zile dakika alizosimama na beseni alikuwa anahesabu. Alikuwa anahesabu zilizobaki, na moyoni anamwomba Maduhu: kataa. Kataa kidogo tu, Ngosha, nimrudishie mtoto.

"Mjomba!" Nshoma aliita kutoka upande wa pili wa minyaa. "Njoo unishike. Sijui njia iko upande gani."

Alijifuta mdomo kwa kiganja, akainama, akapita kwenye pengo. Binti alikuwa amesimama amenyoosha mkono mahali pasipo na mtu. Luhende aliuzunguka mkono ule, akaushika kwa mkono wake ulionuka matapishi. Nshoma aliikunja pua iliyokuwa bado inavuja damu. Harufu aliisikia. Hakuuachia.